Mafuta ya Ng'ombe na Nyuzi Nyekundu

Kwa miaka sita ubao uliosimama kando ya injini ya treni kwenye makumbusho yetu ulisema uongo. Uliandikwa Kiingereza juu na Kiswahili chini, herufi nyeupe juu ya rangi ya kijani: "Injini hii iliharibiwa na fundi mstaafu aliyeiwasha bila ruhusa." Jina lake halikuandikwa, lakini hapa kwetu nani hakumjua? Mjane wake alipita pale siku moja akitoka hospitali ya Longisa, akamwomba mgeni mmoja amsomee. Alisomewa. Akajitanda leso yake vizuri, akashika njia ya kurudi kwao Soin.

Mimi ndiye niliyeiwasha injini ile. Nalisema hili mapema ili msomaji asipate shida ya kutafuta. Wenye makosa ni wengi na nitawataja kwa vyeo vyao, kwa sababu wengine bado wanakula mishahara. Lakini kiberiti kilikuwa mkononi mwangu.

Sikusoma sana. Niliacha shule darasa la sita. Wazazi wangu walitoka nyanda za juu za magharibi wakaja kuchuma chai, na mimi nilizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kama meno. Nilipokuwa mkubwa nikaajiriwa kiwandani, kwenye boila. Kazi yangu ilikuwa kutia kuni za mikaratusi na kuangalia maji na presha, ili majani yasikose joto la kuyakausha. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Siku kiwanda kilipopunguza watu, nilikuwa kati ya waliopunguzwa.

Ndipo nikapata kazi ya ulinzi na usafi kwenye makumbusho, upande wa Bomet. Msidhani ni jumba kubwa. Zamani ilikuwa klabu ya mabwana wa mashamba. Ndani kulikuwa na masanduku ya mbao ya kusafirishia chai, taipureta mbili, mizani ya kupimia majani, na picha za watu waliokufa zamani. Nje, juu ya kipande cha reli kisichokwenda popote, ilisimama injini ndogo ya mvuke, ile ya kupanga mabehewa stesheni. Ililetwa juu ya lori kutoka kwenye njia ya reli kule chini, ikateremshwa kwa winchi, ikajengewa kibanda cha mabati. Waliotoa hela ya kuileta hawakutoa hela ya kuitunza. Hivyo ndivyo watu wanavyopenda vitu vya kale: wanapenda siku ya kuvileta.

Aliyeitunza ni mzee mmoja wa Soin, Mkipsigis, fundi wa reli mstaafu. Alikuwa mfupi, kipara, na kila mara alitembea na spana moja mfukoni kama vile wengine wanavyotembea na rozari. Siku ya kwanza aliniangalia kutoka viatu hadi kofia.

"Wewe ni mtu wa boila?"

"Ndiyo, mzee. Miaka kumi na minne."

"Boila ya chai." Akatikisa kichwa. "Hiyo ni sufuria, kijana. Haijawahi kwenda mahali."

"Na hii yako imeenda wapi, mzee? Mimi naiona imesimama tu."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Tangu siku hiyo jina langu likawa Mtu wa Sufuria. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, nina watoto watatu, na bado aliniita kijana. Sikukasirika. Baba yangu alikufa mapema, na tangu afe hakuna mtu aliyekuwa amenitania.

Yule mzee alinifundisha kwamba adui wa chuma ni kitu kile kile tunachokiombea kanisani. Kwetu mvua inanyesha karibu kila alasiri. Asubuhi jua, saa nane mawingu, saa tisa mvua na wakati mwingine mawe. Mvua hiyo inanenepesha chai, na hiyo hiyo inakula chuma. Inaingia kwenye dohani, inapita kwenye mabomba, inakaa chini ya boila mahali usipopaona, inakula polepole kama mchwa. "Chuma hakifi kwa kazi," alikuwa akisema. "Kinakufa kwa kukaa."

Wa kwanza kumtaja ni meneja wetu. Mwaka wangu wa kwanza pale, aliamuru mabati ya kibanda cha injini yang'olewe yakaezeke kivuli cha gari lake. Mzee alimfuata mpaka mlangoni.

"Bwana meneja, injini italowa."

"Mzee, hiyo ni chuma. Haitapata homa. Gari ina rangi."

Basi gari likapata kivuli na injini ikapata anga. Tuliandika barua kuomba mabati mengine. Tukaandika ya kuomba grisi. Tukaandika ya kuomba turubai. Niseme vizuri: karani ndiye aliyeandika, sisi tulimwambia maneno. Karani alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri na shati safi, na kila barua ilirudi na jibu lile lile, kwamba bajeti haijaruhusu. Mwishowe tukaacha kungoja.

Dohani tuliifunika kwa kikapu cha kuchumia chai, tukakizungushia aproni ya plastiki, ile wachumaji wanayojifunga kiunoni ili umande usiwaloweshe. Kwa mbali injini ilionekana kama mama anayekwenda shambani. Kwa grisi tulikwenda kwa mchinjaji wa senta, pale penye maduka. Alitupa mafuta ya ng'ombe yaliyobaki, yale magumu ya kwenye figo, na kila Jumamosi alitupigia kelele mbele ya wateja wake: "Wapisheni watu wa treni! Hiyo kitu yao inakula nyama kuliko nyinyi!" Tuliyayeyusha nyuma ya klabu, tukachanganya na masizi na nta kidogo ya nyuki, tukapaka fimbo za magurudumu, mikono, vifuniko, kila kitu. Mbwa wa jirani walikuja kulamba magurudumu. Mzee aliwafukuza kwa mawe, huku akicheka.

Lakini kupaka nje hakukutosha. Maji yaliingia kwenye matundu. Kila bomba lililokuwa wazi, kila koki, kila njia ya kupimia, ilikuwa mlango wa mvua. Mzee akapata njia yake. Alikata vipande vya gunia, akavilowesha kwenye yale mafuta, akavisokota kama tambi ya koroboi, akavisukuma ndani ya matundu kwa waya. Vilikuwa kumi na vinane. Na kwa kuwa alijua kitu kilichofichwa husahaulika, kila kizibo alikifunga uzi mwekundu wa sufu, akauacha unaning'inia nje. Nyuzi hizo zilitoka kwa mkewe. Alikuwa akifumua masweta ya shule yaliyochakaa, akavingirisha sufu na kumtumia mumewe pamoja na chupa ya mursik, yale maziwa ya mgando.

"Siku yoyote mtu akitaka kutia moto hapa," mzee aliniambia, "kwanza ahesabu nyuzi. Zikitoka kumi na nane, awashe. Zikitoka kumi na saba, aende nyumbani alale."

Kila Jumatatu tulizunguka injini tukihesabu. Yeye kwa Kipsigis, mimi kwa Kiswahili, tukigusa uzi mmoja mmoja. Kwa miaka mitatu. Siwezi kusema sikujua.

Halafu ikaja habari ya mgeni. Mheshimiwa fulani atatembelea makumbusho siku ya Ijumaa, na watu wa kamera watakuwepo, na akifurahi huenda tukapewa fungu letu la kudumu. Meneja alituita nje.

"Nataka moshi," akasema.

"Moshi utapata," mzee akajibu. "Nitatia majani mabichi kwenye chumba cha mbele, kikavu, bila maji. Utaona moshi mpaka ukohoe."

"Na filimbi. Mheshimiwa lazima asikie filimbi."

Mzee aliitoa spana mfukoni, akaiangalia, akairudisha. "Filimbi inataka mvuke. Mvuke unataka boila nzima. Hii imelowa miaka mitatu, bwana. Nipe pampu. Nijaze maji baridi, nisukume presha, nione panapotoka jasho. Kisha nitakuambia kama italia au haitalia."

"Hakuna pampu. Na mheshimiwa anakuja Ijumaa."

"Basi mwambie apige mluzi yeye mwenyewe."

Nilicheka. Meneja hakucheka. Alisema sawa, moshi tu, na mzee akaridhika na neno hilo, kwa sababu watu wa rika lake wanadhani neno la mkubwa ni kitu.

Siku iliyofuata wakaja wapaka rangi. Mwenye kazi alikuwa kontrakta, shemeji yake meneja, na huyo ni wa pili. Bajeti ambayo haikuruhusu kopo la grisi iliruhusu rangi nyeusi na nyekundu ya kutosha kupaka injini na ua. Hawakukwangua kutu. Walipaka juu ya kutu, juu ya mafuta, juu ya koki na vishikio vyake. Na nyuzi walizikata. Mzee aliporudi kutoka senta alikuta sufu ya mkewe imetapakaa kwenye nyasi.

"Nani amekata hizi?"

"Mzee wangu, zilikuwa zinachafua kazi," akasema kijana mmoja juu ya ngazi. "Treni gani inavaa ushanga?"

Mzee aliokota vipande vyote, akavitia mfukoni. Aliniambia, "Hakuna moto, hakuna neno. Wakishaenda hao wageni, Jumatatu tutavitafuta vizibo vyote tufunge upya."

Alhamisi jioni meneja aliniita peke yangu, chini ya kivuli cha gari lake, chini ya mabati yetu. Aliniuliza mkataba wangu unaisha lini. Alijua unaisha mwezi huo. Akasema, "Wewe ni mtu wa boila. Yule ni mtu wa zamani, ameshaogopa. Boila ni boila. Kesho yeye nitamweka getini apokee wageni na koti jipya. Wewe utanipa filimbi."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikubali. Mkataba, ndiyo. Watoto, ndiyo. Lakini kulikuwa na kitu kingine, na ni aibu kukiandika. Nilitaka Mtu wa Sufuria aiamshe ile injini. Nilitaka mzee asikie filimbi akiwa getini, ageuke, aseme, kumbe kijana anaweza.

Asubuhi ya Ijumaa nilivitafuta vizibo bila nyuzi. Nilichokonoa kila tundu kwa waya. Nikatoa kumi na saba. Nikazunguka tena, nikatafuta tena, vikabaki kumi na saba. Nikajiambia kimoja kimeanguka wapaka rangi walipokuwa wakipita. Hivyo tu. Mtu hujiambia kitu kidogo kama hicho, na maisha ya mwingine yanakatika.

Akina mama wa kwaya walikuwa wakileta maji kwa mitungi kutoka kijitoni, wakiyamimina mimi nikiwa juu ya boila na faneli. Kabla hayajatosha, meneja alikuja mbio. Magari ya msafara yameonekana, mitungi inaharibu sura ya mahali, akina mama waende wakavae sare wapange mistari. "Maji hayo yanatosha," akasema mtu ambaye hajawahi kuchemsha hata yai.

Kwenye boila kuna kioo cha maji, mrija wa kioo unaokuonyesha maji yamefika wapi ndani. Kioo kilikuwa kikavu. Nikajiambia maji yakipata moto yatapanda, kwa maana maji ya moto hufura. Nikawasha. Kuni za mikaratusi zilikuwa kavu, zikashika vizuri. Presha ilipoanza kusogea, kweli, maji yakaonekana ndani ya kioo. Yakapanda. Yakafika nusu, yakapita nusu. Nilifurahi sana.

Sasa nieleze ili hata asiyejua boila aelewe. Kioo kile kina tundu la juu, la mvuke, na tundu la chini, la maji. Kizibo cha kumi na nane kilikuwa kwenye tundu la chini, kimesukumwa ndani kabisa. Maji ya boila hayakuweza kuingia kwenye kioo. Kilichokuwa kikijaza kioo ni mvuke uliotoka juu, ukapoa, ukawa maji. Nilikuwa naangalia jasho nikidhani ni kisima. Na kwenye kioo hicho kuna koki ndogo ya kujaribia: unaifungua, maji yanatoka, unaifunga, maji yanarudi, yakichelewa kurudi, unajua kuna kitu kimeziba. Kiwandani niliifungua kila zamu kwa miaka kumi na minne. Siku hiyo niliishika, ikakataa. Rangi ya kontrakta ilikuwa imeigandisha. Ningetumia nguvu, nikaogopa kuvunja kioo na mgeni yuko mlangoni. Nikaiacha. Kiwandani mtu angefukuzwa kazi kwa hilo, na angestahili.

Kwaya iliimba. Injini ilikuwa imevishwa shada la sinendet, ule mmea wanaovishwa washindi. Mheshimiwa alipofika kwenye kamba iliyozuia watu, meneja aliniinulia mkono, na mimi nikavuta mnyororo wa filimbi.

Ililia. Ilikuwa sauti ya kitu kilicholala muda mrefu, kwanza ya kukwaruza, kisha safi, ikapita juu ya mashamba ya chai mpaka ng'ambo ya bonde. Watu walipiga vigelegele. Getini nilimwona mzee ametoka kwenye mstari. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini na alikimbia. Alikimbia juu ya nyasi na lile koti jipya la buluu likipepea nyuma, na watu walimcheka kwa upendo, wakidhani ni furaha. Mtu mmoja alisema, "Ona babu, amesikia mchumba wake!"

Alipanda ngazi. Hakuniangalia. Aliangalia kioo. Alishika ile koki, ikakataa.

"Maji yako wapi?"

"Si hayo, mzee. Kioo kimejaa."

"Ulitoa vizibo vingapi?"

Alinisoma usoni. Alinisukuma kwa bega, kwa nguvu ambayo sikujua anayo, nikadondoka nusu nje nikashikilia chuma cha mlango. Yeye akachukua reki kuvuta moto nje. Juu ya chumba cha moto kuna plagi ya madini ya risasi. Maji yakikosekana juu yake, risasi inayeyuka na mvuke unashuka kuzima moto. Imewekwa hapo ili boila isilipuke iue watu wote. Ilifanya kazi yake. Mvuke ukashuka, ukapiga moto, vyote vikatoka kupitia mlango wa tanuri, na aliyekuwa amesimama mlangoni ni yeye. Mimi ulinipata upande wa kulia, uso na mkono.

Kulikuwa na weupe kila mahali. Na ndani ya weupe ule nilisikia makofi. Watu walikuwa wakipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Hospitali ya Longisa walitutunza vizuri, sina neno kwao. Tulilazwa wodi moja, vitanda viwili vikitenganishwa na pazia. Mzee aliishi siku nne. Siku ya pili niliita jina lake mara nyingi hakujibu. Siku ya tatu, muuguzi akibadilisha dripu yangu, nikasikia sauti yake upande wa pili.

"Mtu wa Sufuria."

"Naam, mzee."

"Umeitia mafuta?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Injini imepata maji ya moto ndani, imeachwa wazi, na mvua inanyesha. Kutu inaanza siku hiyo hiyo.

"Nimeitia, mzee," nikasema, nikiwa nimefungwa bandeji mpaka kwenye nyusi.

"Na kikapu?"

"Nimekirudisha."

"Kongoi," akasema. Asante. Hilo ndilo neno la mwisho nililosikia kwake, na alilitoa kwa ajili ya uongo.

Wiki moja baada ya kumzika, meneja alikuja hospitali na maua na karatasi. Karani alikuwa nyuma yake. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa, kwa hiyo alileta na kidau cha wino.

"Inasema nini, bosi?"

"Inasema ilikuwa ajali. Ni ya kukulinda kazi yako. Weka kidole hapa."

Nilimtazama karani. Yeye alijua kusoma karatasi ile, alikuwa ameichapa yeye mwenyewe. Aliangalia sakafu, akaangalia viatu vyake, akasema, "Weka tu, ndugu yangu." Huyo ni wa tatu. Nikaweka kidole gumba cha kushoto. Mimi ni wa nne, au wa kwanza. Mpangilio umenishinda.

Ubao ulipowekwa ndipo nilipojua nilichokitia kidole. Na bado nilirudi kazini. Hapo ndipo panaponichoma kuliko mvuke. Miaka sita nimefagia chini ya ubao ule. Walimu walileta watoto, wakasoma kwa sauti, watoto wakarudia: aliyeiwasha bila ruhusa. Meneja alihamishwa akapandishwa cheo. Injini haikupewa fungu la kudumu wala la muda. Kutu ilitoboa tangi la maji, fimbo za magurudumu zikaibiwa zikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mimi niliendelea kupaka mafuta ya ng'ombe kila Jumatatu kwa mkono wa kushoto. Si kwa ajili ya makumbusho. Nilikuwa nimemwambia mtu kwamba nimeitia.

Siku mjane aliposomewa ubao, nilikuwa nyuma ya injini na ndoo. Nilimwona, nikajificha. Mtu mzima, nimechuchumaa nyuma ya gurudumu kama mwizi wa kuku. Jioni hiyo sikula.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Soin. Kule chini kuna joto, mahindi yameshakauka wakati kwetu bado mabichi. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, akifumua sweta la shule, sufu nyekundu mapajani. Hakushtuka. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha mursik, akanipa, akangoja ninywe.

"Kogo," nikamwambia, kama wanavyomwita wajukuu zake, "nimekuja kusema kitu."

"Sema."

"Ni mimi niliyeiwasha. Si yeye. Yeye alikuja kuizima."

Aliendelea kufumua. "Najua."

"Alikuambia?"

"Hakuniambia kitu. Lakini yule mtu, kuwasha bila kuhesabu nyuzi zangu? Nilikaa naye miaka arobaini. Hata birika la chai alikuwa anafunua kwanza achungulie."

Nilishindwa kuinua macho. Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hiyo.

"Kwa nani? Nani alikuwa huko aniamini? Wewe ndiye ulikuwa huko." Akakata uzi kwa meno. "Sasa umeniambia mimi, na mimi nilikuwa najua. Ule ubao unaongea na wasiojua. Maliza maziwa, uende."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Nilimaliza maziwa.

Jumatatu nilifika kazini mapema. Niliyeyusha mafuta, nikatia masizi mengi, nikapaka ubao wote mpaka ukawa mweusi kama dohani, nikauacha ushike. Kuna kopo la rangi nyeupe lilikuwa limebaki stoo tangu enzi za kontrakta. Ya juu ilikuwa imeganda, ya chini ilikuwa bado rangi. Niliandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko wangu wa darasa la sita, Kiswahili peke yake:

INJINI HII ILIWASHWA NA MIMI MLINZI KWA AMRI YA MENEJA. MAJI YALIKUWA HAYATOSHI. FUNDI WA SOIN ALIKUFA AKIUVUTA MOTO NJE.

Karani alinikuta naosha brashi. Bado ni yeye, shati bado safi, nywele zimekuwa nyeupe. Alisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Ndugu yangu, unajua nitalazimika kuandika barua. Ubao wa serikali hauandikwi hivi. Lazima upakwe upya."

"Andika."

Alisimama pale. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya chai. "Nitaandika," akasema tena, lakini taratibu. "Lakini wewe unajua. Bajeti."

"Najua."

Alirudi ofisini. Nilimsikia akichapa. Barua yake imekwenda zilikokwenda zile za mabati, za grisi na za turubai. Ni mwezi wa tisa sasa tangu niuandike, ubao uko vile vile, na umaskini wa makumbusho yale, uliomuua mzee, ndio unaolinda heshima yake. Nimeuwekea kijipaa cha plastiki ya aproni ili herufi zisioshwe na mvua, na pembeni nimening'iniza uzi mwekundu, kwa sababu mwenye uzi alinitumia.

Siku yoyote wakinifukuza, nitajua kuna mtu ameusoma.